Mauaji ya Addis Ababa, Februari 1937: maswali ambayo watu wa Malindi huniuliza

Kila mwaka ikikaribia tarehe 19 Februari nikitaja haya mambo barazani maswali huja mengi, na mengi ni yale yale, kwa hivo nimeona niyaweke pamoja mtu asome mwenyewe kwa wakati wake. Mimi si profesa. Ni mtu wa Malindi tu, na Malindi yetu mnaijua, Waitaliano tele, mtoto wa darasa la pili ashajua kusema ciao kabla hajajua mji mkuu wa Uhabeshi, yaani Ethiopia, unaitwaje, ndo maana habari hii naona inatuhusu. Mengine nimejibu kwa kirefu, mengine kwa neno moja, inategemea swali.

Kwani kulitokea nini hasa?

Ijumaa tarehe 19 Februari 1937, kwa hesabu yao Wahabeshi ni Yekatit 12, gavana wa Kitaliano Rodolfo Graziani aliitisha sherehe kwenye jumba la kifalme la Genete Leul pale Addis Ababa. Kule Italia alikuwa kazaliwa mtoto wa kifalme, mwana wa mfalme mtarajiwa, basi Graziani akasema maskini wa mji waje wapewe sadaka. Wakaja kwa maelfu, vipofu, vilema, wazee, wamama na watoto. Katikati ya ile shughuli vijana wawili wenye asili ya Eritrea, Abraha Deboch na Moges Asgedom, wakarusha guruneti kadhaa jukwaani. Graziani akajeruhiwa vibaya mwili mzima kwa vipande vya chuma lakini hakufa, jenerali mmoja wa ndege za kivita akapoteza mguu, hata askofu mkuu wa kanisa la Kihabeshi aliyekuwa pale jukwaani akaumia.

Baada ya hapo askari wakaanza kufyatua risasi kwa ule umati uliokuwa uani. Wale walioitwa kuchukua sadaka, manake hao vijana wawili walikuwa washatoroka. Milango ilifungwa na watu walikuwa hawana pa kukimbilia.

Na hiyo ilikuwa mwanzo tu. Jioni ile Guido Cortese, katibu pale mjini wa chama cha Fashisti, chama cha Mussolini aliyekuwa dikteta wa Italia, aliwakusanya Mashati Meusi, yaani wale wanamgambo wa chama, na walioshuhudia wanasema aliwapa ruhusa ya siku tatu wawafanyie Wahabeshi watakavyo. Na wakafanya. Waliingia mitaani na visu, marungu, vyuma, wakaua yeyote Mhabeshi waliyemkuta njiani, wakafunga watu ndani ya nyumba zao za udongo na nyasi wakamwaga petroli wakachoma, anayechomoka anapigwa risasi mlangoni. Kanisa kuu la Mtakatifu George likatiwa moto. Si wanajeshi peke yao, walikuwemo mafundi ujenzi, madereva wa malori, makarani, Waitaliano wa kawaida walioenda kule kutafuta kazi. Siku ya Jumapili tarehe 21 ikaja amri wasimamishe, na wakasimama. Hiyo sehemu ya mwisho ndo hunisumbua zaidi, kwamba amri ilipotoka kweli walisimama. Kwa hivo tangu Ijumaa kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kusema basi na akanyamaza.

Ilikuwa ni vita, si kila vita watu wanakufa?

La, vita rasmi ilikuwa ishaisha kwa upande wa Italia wenyewe. Waliingia Uhabeshi tarehe 3 Oktoba 1935, Addis ikaanguka tarehe 5 Mei 1936, Mussolini akatangaza tarehe 9 Mei kwamba sasa ni himaya yake, na mfalme wa Italia akapewa na cheo cha mfalme wa Uhabeshi juu. Kwa hivo Februari 1937 Addis haikuwa uwanja wa vita. Ilikuwa mji unaotawaliwa, wenye polisi, mahakama, ofisi ya posta, na mtawala aliyesema wazi kwamba hawa sasa ni raia wangu. Anayekalia mji kijeshi ndiye anayebeba jukumu la usalama wa watu walio chini yake, silaha zote ziko mkononi mwake. Raia hana kitu.

Lakini si Wahabeshi ndo walianza na zile guruneti?

Hili naulizwa sana, na watu wazima kabisa, tena saa zingine kwa hasira. Hebu nijibu taratibu.

Kwanza, waliorusha ni watu wawili, na waliosaidia tuseme kikundi kidogo. Yule kipofu aliyekuja kuchukua sadaka hakurusha. Mama aliyekuwa anapika nyumbani kwake upande wa pili wa mji hakurusha.

Pili, nia ya kuua raia kwa adhabu ya jumla haikuzaliwa siku ile. Iko kwenye maandishi yao wenyewe. Juni 1936, miezi minane kabla ya guruneti, Mussolini alimwandikia Graziani kwa telegramu kwamba waasi wote watakaokamatwa wapigwe risasi, alafu siku chache baadae akamruhusu kutumia gesi ya sumu kuwamaliza. Tarehe 8 Julai 1936 akamwandikia tena, akimpa idhini ya kuendesha siasa ya kutisha na kuangamiza, kwa mpangilio, dhidi ya waasi na wananchi wanaowasaidia, na akataja kabisa kipimo chake: kisasi cha kumi kwa mmoja. Haya si maneno ya adui zao, ni telegramu za serikali ya Italia zilizohifadhiwa na wanahistoria wa Kitaliano wenyewe wamezichapisha.

Tatu, na hapa nawaomba wale wanaotetea mnisikilize vizuri, angalieni kilichotokea Roma. Tarehe 23 Machi 1944 Roma ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na wapiganaji wa Kitaliano wakatega bomu barabara ya Via Rasella likaua polisi wa Kijerumani 33. Kesho yake Wajerumani wakachukua watu 335, wengi wao kutoka jela, Mayahudi wakiwemo, wakawapeleka kwenye mapango ya Ardeatine wakawapiga risasi za kisogo. Hesabu ilikuwa ile ile, kumi kwa mmoja, na wakazidisha watano. Italia nzima mpaka leo inaomboleza wale 335, na wana haki, hakuna Mtaliano mwenye akili atakayekwambia "lakini si Waitaliano ndo walianza na bomu". Sasa kama hoja hiyo haifai Roma, Addis inafaa vipi?

Walikufa wangapi?

Serikali ya Uhabeshi baada ya vita ilisema 30,000. Makadirio ya chini, hasa yanayofuata vyanzo vya Kitaliano, yanaanzia kama 1,400 hivi na kupanda hadi 6,000. Mtafiti Mwingereza Ian Campbell, aliyeishi Addis miaka mingi akikusanya ushahidi wa walioona kwa macho, alitoa hesabu yake 2017: karibu 19,200, ambayo kwa mji wa wakati ule ni kama mtu mmoja kwa kila watano.

Mimi siwezi kukuchagulia nambari. Ila mtu akinipa ile ndogo kabisa kwa furaha, kama vile imemtoa kwenye deni, namuuliza: 1,400 kwako ni chache?

Mbona hesabu zinapishana hivyo?

Kwa sababu aliyeua ndiye aliyekuwa na ofisi ya kuandika. Miili ilikusanywa kwa malori, mingine ikachomwa, mingine ikatupwa mashimoni na visimani, nyumba zikaungua na wenyewe wakiwa ndani, na waandishi wa Kitaliano waliokuwepo walikatazwa kutangaza. Mmoja wao, Ciro Poggiali, aliandika aliyoyaona kwenye shajara yake ya siri, watu wakapata kuyasoma miaka mingi baada ya vita. Balozi wa Marekani, Cornelius Engert, alituma taarifa kwao. Daktari mmoja wa Hungaria aliyekuwa akiishi Addis naye alitoa ushahidi wake, ukachapishwa London kwenye gazeti la Sylvia Pankhurst, yule mama wa Kiingereza aliyewatetea sana Wahabeshi mpaka akaenda kuzikwa huko huko Addis. Kwa hivo ushahidi upo wa kutosha kujua nini kilifanyika. Kilichokosekana ni karani wa kuhesabu maiti, na kule kukosekana hakukuwa ajali.

Na baada ya zile siku tatu yaliisha?

Yaliisha ya barabarani. Ya ofisini ndo yakaanza, na haya kwangu mimi ni mabaya zaidi maana hakuna wa kusema ni hasira.

Ras Desta Damtew, mkwe wa Haile Selassie mfalme wa Uhabeshi, aliyekuwa bado anapigana kusini, alikamatwa akauliwa tarehe 24 Februari. Vijana wa Kihabeshi waliosoma, wale waliotoka vyuo vya Ulaya na Marekani na ile shule ya maafisa wa jeshi, walitafutwa mmoja mmoja wakauawa, kizazi kizima cha wasomi kikaondolewa, na nchi ilikuja kulia ukosefu wao miaka mingi baadae. Alafu Graziani akaamuru wakamatwe na kuuawa waganga wa ramli, watabiri na waimbaji wanaozunguka vijijini na zeze, kwa sababu hao ndo waliokuwa wanasambaza habari kwamba utawala wa Mtaliano hautadumu. Hebu fikiria mtu anauliwa kwa kuimba. Sisi huku pwani tunaojua nguvu ya mshairi tunaelewa kwa nini aliwaogopa.

Mamia ya watu wa familia kubwa wakapelekwa uhamishoni Italia, wengine kisiwa cha Asinara. Maelfu wengine wakapelekwa kambi ya Nocra, kisiwani pale Eritrea, na kambi ya Danane, pwani ya Somalia kusini ya Mogadishu. Hebu fikirieni hapo Danane. Ni ufuo huu huu wetu, bahari hii hii, Wabajuni wa Lamu na Kiunga na Kismayu wanapita na majahazi yao, na pale ufuoni kuna watu wa milimani, hawajazoea joto wala maji ya chumvi, wamefungiwa na wake zao na watoto wanakufa kwa malaria na kuhara na njaa.

Debre Libanos ni nini, mbona inatajwa pamoja na haya?

Debre Libanos ni monasteri ya Kiorthodoksi, kama kilomita mia moja kaskazini ya Addis, kwa Wahabeshi ni mahali patakatifu mno, pa mtakatifu Tekle Haymanot. Graziani alijiaminisha kwamba watawa waliwaficha wale vijana wa guruneti, basi akamwagiza Jenerali Pietro Maletti. Mei 1937 ilikuwa sikukuu yao kubwa, mahujaji wamejaa. Maletti akauzingira mlima, akasubiri watu waingie, akawafungia. Tarehe 21 Mei watawa walichukuliwa kwa malori hadi sehemu inaitwa Laga Wolde na kupigwa risasi. Graziani mwenyewe akaripoti Roma: watawa 297 na raia 23. Siku chache baadae wakaongeza mashemasi 129, vijana wadogo wengi wao, kule Debre Berhan. Hizo ni hesabu zake yeye muuaji. Campbell na mwenzake Degife Gabre-Tsadik waliofuatilia kwa wenyeji walipata kati ya 1,400 na 2,000 na kidogo.

Kwa hivo ilikuwa Wakristo na Waislamu?

Najua swali hili linatoka wapi, na tusilikwepe. Askari waliotumika pale Debre Libanos walikuwa kikosi cha askari Waislamu wa makoloni ya Italia. Walichaguliwa makusudi, maana askari wa Eritrea wengi ni Wakristo wa Kiorthodoksi na wakubwa waliogopa wangekataa kuwapiga risasi makasisi wao. Na ni kweli pia Graziani alijifanya rafiki wa Uislamu kule Uhabeshi, akajenga misikiti, akaruhusu Kiarabu mashuleni.

Lakini huyo rafiki ni nani? Ni yule yule aliyekuwa Libya kabla. Ni yeye aliyeshika Barqa, mashariki ya Libya, kuanzia 1930, wakati watu wa Jebel Akhdar kama 100,000, wote Waislamu, walipohamishwa kwa nguvu na kufungiwa kwenye kambi za jangwani wakafa kwa makumi ya maelfu, mifugo yao ikamalizika, na mzee Omar al-Mukhtar, kiongozi wa wapiganaji wao, akanyongwa mbele ya watu wake huko Soluq tarehe 16 Septemba 1931 akiwa na miaka ya sabini. Kwa hivo Libya aliwachinja Waislamu akitumia na askari Wakristo wa Eritrea, Uhabeshi akawachinja Wakristo akitumia Waislamu. Ndo kazi ya mkaliaji, kumtafuta jirani mwenye kinyongo ampe bunduki.

Na sisi Uhabeshi tunaijua tangu madrasa, ndiyo nchi ya Najashi aliyewapokea maswahaba walipokimbia Makka. Muislamu wa kushangilia Debre Libanos sijui somo lile alilisikia wapi.

Gesi ya sumu ni kweli ama ni propaganda?

Kweli. Italia ilikuwa imetia sahihi mkataba wa Geneva wa 1925 unaokataza, na tangu Desemba 1935 ndege zake zikawa zinamwaga ile gesi inayochoma ngozi na macho na mapafu, kwa askari na kwa vijiji na mito ya kunyweshea mifugo. Haile Selassie aliyasema haya mbele ya Umoja wa Mataifa ule wa zamani, Geneva, tarehe 30 Juni 1936, waandishi wa Kitaliano wakampigia mluzi ukumbini.

Kwa miaka sitini Italia ilikana. Mwanahistoria wao Angelo Del Boca alitukanwa sana kwa kusema ukweli. 1996 wizara yao ya ulinzi ikakubali rasmi kwamba ilitumika. Hata baada ya kukalia nchi waliendelea: Aprili 1939 kule Zeret, wilaya za kaskazini ya Ankober, watu mamia waliokuwa wamekimbilia pangoni na familia zao walipigwa gesi ndani ya pango, waliotoka wakapigwa risasi na kutupwa gengeni. Pango lenyewe mtafiti wa Kitaliano, Matteo Dominioni, alilifikia 2006 akakuta mifupa ingali mle.

Kuna aliyeshtakiwa?

Kwa mauaji ya Uhabeshi, hakuna hata mmoja.

Mwataka maelezo? Haya. Baada ya vita Uhabeshi ilipeleka majina kumi kwenye tume ya Umoja wa Mataifa ya jinai za kivita, Graziani na Badoglio wakiwemo, na tume ikaona kuna hoja ya kujibu. Uingereza ikaikatisha tamaa Uhabeshi isiendelee, kwa sababu Badoglio, aliyeongoza ile vita ya gesi, 1943 alikuwa amegeuka waziri mkuu rafiki wa washirika, na Italia ilikuwa inahitajika dhidi ya Warusi. Graziani alishtakiwa kwao Italia, lakini kwa kosa la kushirikiana na Wajerumani miaka ya 1943 hadi 1945, alipokuwa waziri wa ulinzi wa ile serikali ya kibaraka ya Mussolini. 1950 akahukumiwa miaka 19, akatoka baada ya miezi michache, akafa kitandani 1955. Mkataba wa amani wa 1947 ukaidai Italia iilipe Uhabeshi dola milioni 25.

Linganisha na Ardeatine. Herbert Kappler aliyesimamia mauaji yale ya Roma alipata kifungo cha maisha 1948. Mwenzake Erich Priebke alifuatwa mpaka Argentina, akarudishwa, akahukumiwa maisha 1998, zaidi ya miaka hamsini baadae. Sina shida na hukumu hizo, zilistahili. Ila ukiwa na serikali iliyoweza kumfuata mtu ng'ambo ya bahari kwa watu 335 wa Roma, na haikuweza kumwita mtu aliye mtaa wa pili kwa maelfu ya Addis, basi jibu la kwa nini unalo mwenyewe.

Na 2012, mji mdogo wa Affile karibu na Roma ulimjengea Graziani jengo la kumbukumbu kwa pesa za umma. Zogo likazuka, kesi ikafika mahakamani, na ubishi wenyewe ukaendelea miaka.

Sheria inasemaje sasa?

Hata ya zamani ilikataza. Kanuni za Hague za 1907, kifungu cha 50, zinasema watu wote wasiadhibiwe kwa makosa ya mtu mmoja mmoja. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 ukakaza zaidi: kifungu cha 33 kinakataza adhabu ya jumla na kisasi kwa raia, cha 34 kinakataza kushika mateka. Kenya imeuingiza kwenye sheria zake tangu 1968, alafu 2008 tukapitisha sheria ya jinai za kimataifa. Kwa hivo yeyote anayekalia mahali kijeshi leo, awe nani na popote pale, akilipua mtaa mzima kwa sababu mtu mmoja alirusha kitu, anajua anachovunja.

Yaitwe mauaji ya kimbari?

Wanasheria wanabishana. Kimbari inataka uthibitishe nia ya kuangamiza taifa ama kabila ama dini kama ilivyo, wote au sehemu. Ile ya kuwasaka wasomi na makasisi inakaribia sana, lakini hakuna mahakama iliyowahi kukaa ikaamua. Jinai ya kivita na jinai dhidi ya ubinadamu, hizo hazina ubishi.

Malindi iliguswa kweli na ile vita, ama unatafuta tu pa kuingilia?

Iliguswa. Italia ilipoingia vita na Uingereza Juni 1940 mpaka wetu ukawa mstari wa mbele, Moyale ikatekwa, na Oktoba 1940 ndege za Kitaliano zikaja kudondosha mabomu hapa hapa Malindi. Jeshi lililoitoa Italia upande wa kusini liliondoka Kenya: Kismayu 14 Februari 1941, Mogadishu 25 Februari, Addis 6 Aprili, na ndani yake vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika) kutoka huku kwetu, na Wanigeria, na watu wa Gold Coast. Haile Selassie akaingia mjini kwake tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu uanguke, na siku hiyo hiyo akawaambia watu wake wasilipize ubaya kwa Waitaliano waliobaki. Maelfu ya mateka wa Kitaliano wakaletwa Kenya, ndo waliojenga kale kakanisa ka njiani Mai Mahiu ambako kila mtu hupiga picha. Mtawala aliyemrithi Graziani, Duke Amedeo wa Aosta, naye alikufa Nairobi akiwa mateka Machi 1942 na kaburi lake liko Nyeri.

Na Mwingereza hapa kwetu, yeye alikuwa malaika?

Malaika wapi. Witu, huku karibu na Lamu, 1890, Wajerumani wachache waliuawa na watu wa Sultani, Mwingereza akaleta manowari na Admirali Fremantle akauchoma mji mzima mwezi wa Oktoba. Na Wagiriama 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwakataza watu kutoa vijana wa kazi na kodi, jeshi likalipua Kaya Fungo, mahali pao patakatifu, kwa baruti, likachoma vijiji, likachukua mbuzi, watu kama 150 wakafa na waliobaki wakatozwa faini ya rupia laki moja wote kwa pamoja. Idadi si ya Addis, lakini kanuni ni ile ile, mmoja akikosa wote walipe. Sanamu ya Mekatilili iko pale bustanini tunapita nayo kila siku na tuktuk, mkimaliza kupiga selfi muulizane aliyemfunga alikuwa nani.

Waitaliano wa hapa, tuwaulize? Si tutavunja ujirani?

Waliofanya haya wamekufa. Jirani yako mwenye vila Casuarina hakuua mtu Addis, na kumtwika yeye ni kufanya lile lile tunalolilaani hapo juu. Mimi nimeongea nao wengi, wako wanaojua kuliko mimi, maana vitabu bora juu ya mambo haya vimeandikwa na Waitaliano, na wako ambao hawajawahi kusikia kabisa kwa sababu shuleni kwao walifundishwa kwamba Mtaliano alikwenda Afrika kujenga barabara. Hao wa pili ukiwaambia kwa adabu juu ya kahawa, wengi hunyamaza, alafu huuliza. Akikwambia "lakini tulijenga barabara", mwambie ndio mlijenga, sasa tuongee habari za Februari.

Anayekuja kuuza sanamu za Mussolini ufuoni, huyo usinunue.

Mbona shuleni hatukufundishwa?

Tulifundishwa nusu. Adwa 1896, Wahabeshi walipowashinda Waitaliano vitani, tuliimba, na uvamizi wa 1935 uko kwenye historia ya kidato cha nne kama mfano wa Umoja wa Mataifa wa zamani kushindwa kazi. Habari inaishia hapo, Haile Selassie anapanda meli, na watu waliobaki hawaulizwi walikuwa na hali gani.

Nikifika Addis niende wapi?

Sidist Kilo. Kuna mnara mrefu wa Yekatit 12, mita 28, uliochongwa na mafundi wa Yugoslavia, Augustinčić na Kršinić, ukasimamishwa 1955, na picha za mauaji zimechongwa kuuzunguka. Vuka barabara uingie chuo kikuu, ndilo lile jumba lenyewe la Genete Leul, sasa ni makumbusho. Mbele yake utakuta ngazi za saruji zinazopanda hewani bila kufika popote. Ni za Mafashisti, ngazi moja kwa kila mwaka wa utawala wa Mussolini, na Wahabeshi walipoupata mji wao hawakuzibomoa, walimpachika simba wa Yuda juu kabisa. Kama una siku ya ziada nenda Debre Libanos, toka alfajiri uweze kurudi mapema, vaa heshima, wanawake wajitande. Na ukienda mwezi wa pili, Yekatit 12 yao huangukia 19 Februari, ila miaka mingine husogea siku moja, kwa hivo hakikisha kabla hujakata tiketi.